Clete Haverty na Meli ya Bure

Clete Haverty alipoona fulana za manjano zikimwagika kutoka kwenye magari matatu mbele ya hoteli, aliweka chini kikombe chake cha kahawa na kuanza kuhesabu vichwa. Alimwona mama mzee na mumewe, kisha wanaume na wanawake wawili wawili, wote wameandikwa kifuani UKOO WA VOSKUIL: MELI NA BUSTANI. Nyuma yao lilikuja kundi la watoto ambao hakujisumbua kuwahesabu, kwa sababu watoto hawana saini.

“Jozi nane,” alijisemea. “Ee Mungu, kumbe mimi na wewe bado tunazungumza.”

Kissimmee ni mji unaokula kwa kuuza furaha ya watu wengine. Bustani za michezo ziko pua na mdomo kutoka kwetu. Sisi wenyeji fataki zao tunazisikia kila jioni, tukafunga madirisha tuendelee na televisheni. Ukituuliza njia ya kwenda huko, tutakuelekeza hata tukiwa usingizini. Ukituuliza ndani kukoje, tutabadilisha mazungumzo. Bei yake ni ya watu wa mbali waliodunduliza mwaka mzima, na sisi tuna adabu ya kutowaingilia.

Clete alikuwa na kibanda kando ya barabara kuu, chenye bango la TIKETI NUSU BEI. Lakini kuuza tiketi hakukuwa kazi yake hasa. Kazi yake ilikuwa kunasa wenzi wa ndoa na kuwapeleka kwenye kifungua kinywa cha bure cha kampuni iitwayo Mitende ya Dhahabu, ambako mtu hula pankeki huku akibembelezwa anunue wiki. Wiki yenyewe ni hivi: unakuwa mmiliki wa chumba kwa siku saba kila mwaka, pamoja na wamiliki wengine lukuki wa chumba hichohicho, na unakilipia mpaka meno yang'oke. Mtu mwenye akili timamu hanunui. Ndiyo maana shughuli hufanyika asubuhi, kabla akili haijaamka.

Sasa, meneja wa Mitende ya Dhahabu, Skip Branigan, alikuwa amebandika tangazo ukutani: yeyote atakayeleta jozi nane kwa asubuhi moja atapewa safari ya watu wawili, meli ya starehe kutoka Port Canaveral pamoja na bustani zote. Clete aliitamani safari hiyo kuliko alivyowahi kutamani kitu chochote, na si kwa ajili yake. Binti yake Delaney, wa miaka kumi, aliishi Georgia na mama yake. Kila kiangazi Clete alimwahidi meli na bustani, na kila kiangazi kilitokea kitu: mara kimbunga, mara gari, mara mgongo. Mwaka huu mtoto alikuwa amempigia simu akamwambia, “Nakuja Jumamosi, baba. Ila usiniahidi kitu. Niambie tu tutakula nini.”

Mtu aliyewadanganya watalii wa majimbo yote bila kukosa usingizi hata siku moja alishindwa kumdanganya mtoto wake, akasema wangekula piza.

Basi akauweka sawa ukosi wa shati lake la maua, akaingia hotelini.

Bi Arlene Voskuil, mkuu wa ukoo, alikuwa ametandaza ramani mezani, na wanawe walikuwa wakigombana juu yake.

“Meli kwanza,” alisema mwanawe mkubwa, Gerrit. “Tupumzike, halafu bustani.”

“Upumzike kwa uchovu gani?” mkewe alimjibu. “Ulilala njia nzima tangu Iowa mimi nikiendesha!”

“Samahani, mama,” Clete aliingilia kwa sauti ya asali. “Nimeziona hizi fulana nikasema lazima niwasalimu. Mna upendo mpaka mnatia wivu.”

“Upendo uko kwenye fulana tu, kijana,” alisema Bi Arlene. “Hawa wawili wa mwisho hawajasemezana tangu Tennessee.”

“Basi niwasaidie. Bustani kwanza, meli mwisho. Bustani zinavunja miguu, meli inaikanda.”

Ukoo mzima ukamgeukia. Ushauri ule ulikuwa wa kweli, na pengine ndilo neno la kweli pekee alilolisema juma lile. Likamfungulia mlango wa mengine.

“Na mkitaka,” aliendelea, akiinama kama anayetoa siri ya serikali, “nina nafasi ya familia kubwa. Bustani bure, meli nusu bei. Mje tu kesho asubuhi mle pankeki, wenzi wote. Mtakaa dakika tisini, mtaonyeshwa vyumba, mtakataa kwa adabu, basi.”

“Tutakataa nini?”

“Chochote watakachowapa.”

Bi Arlene alicheka. “Mwanangu, sisi watu wa Iowa kukataa ndiyo malezi yetu. Mtu akitukaribisha keki tunaikataa mara tatu ndipo tunakula.”

“Safi. Ila jambo moja, mama. Habari ya meli iwe yetu wenyewe. Mkiulizwa mmeahidiwa nini, semeni tiketi za bustani tu.”

“Kwa nini?”

“Bei ya siri, mama. Wengine wakisikia itakwisha.”

Ukweli ni kwamba meli ya nusu bei haikuwepo popote duniani. Skip alikuwa amepiga marufuku wanasa wateja kuahidi meli, baada ya familia moja kufika bandarini na mabegi na kukuta maji matupu. Aliyeahidi safari ile alifukuzwa siku hiyohiyo, na Clete alikwisha kuonywa kwamba wa pili atakuwa yeye. Lakini mtu akiwa na bahati ya jozi nane hakumbuki onyo.

Asubuhi yake waliingia Mitende ya Dhahabu kwa mstari, fulana zao zikiwaka, watoto wameachwa kwenye bwawa la hoteli chini ya shangazi mmoja asiyeolewa. Skip Branigan alitoka ofisini mikono mbele. Kwa macho yake wale hawakuwa watu, zilikuwa wiki nane zinazotembea.

“Karibuni, karibuni! Jozi nane! Nani amewaleta wageni wangu wazuri namna hii?”

“Mimi, bosi,” alisema Clete, mkono juu.

“Mimi,” alisema Bi Arlene wakati uleule.

Skip aliwatazama kwa zamu.

“Nimewaleta mimi,” Bi Arlene alirudia kwa utulivu wa mtu anayetaja hali ya hewa. “Ni wanangu na wakwe zangu. Nani mwingine angeweza kuwaamsha saa hizi? Na pale ukutani umeandika yeyote. Nimesoma vizuri, nimevaa miwani.”

“Bosi, mama anatania,” Clete alisema. “Hawa wangu. Muulize.”

“Wako?” Bi Arlene alimgeukia na tabasamu la kanisani. “Aa, nakukumbuka sasa. Wewe si yule kijana wa jana hotelini, uliyetuambia habari ya ile...”

“Ile nini, mama?” Skip akauliza. Sauti yake ilikuwa imepoa ghafla.

“Nimwambie bosi wako, mwanangu? Au utamwambia mwenyewe?”

Mkono wa Clete ulishuka polepole, ukapita sikio, ukajifanya unakuna shingo.

“Hapana, bosi. Mimi nilikuwa... nawafungulia mlango tu.”

“Mlango wenyewe unajifungua,” alisema Skip.

“Ndiyo, bosi. Nilikuwa nausaidia.”

Skip hakuwa mjinga, lakini alikuwa na tamaa, na wiki nane mbele yake zilikuwa tamu kuliko ugomvi mmoja. Akamkabidhi Bi Arlene cheti cha safari hapohapo, kwa makofi, ili kuwalainisha wengine. Kisha wauzaji wakawashukia.

Nawaonea huruma wauzaji wale mpaka leo. Walionyesha vyumba, wakaonyesha bwawa, wakashusha bei, wakashusha tena. Ukoo wa Voskuil ulisifu kila kitu. “Pazuri sana,” walisema. “Mtapata watu wa kupanunua.” Gerrit alikula pankeki za watu wanne. Wale wawili ambao hawakusemezana tangu Tennessee walipatana kwa furaha ya kukataa pamoja. Dakika tisini zilipokwisha hapakuwa na saini hata moja.

Bi Arlene alipita mezani kwa Clete, ambaye alikuwa amekaa peke yake na pankeki iliyopoa.

“Usinikasirikie,” alisema akiketi. “Vifungua kinywa hivi navijua tangu marehemu mume wangu wa kwanza akiwa hai. Unadhani wakulima wa mahindi wanafika baharini kwa kulipa bei ya mlangoni? Ulipotuambia tufiche habari ya meli, nikajua umenipa kamba, na wewe ndiye uliyefungwa.”

“Ulinijua tangu jana?”

“Tangu shati. Ulitaka kumpeleka nani?”

“Binti yangu. Ana miaka kumi. Anakuja Jumamosi.”

Uso wa mama yule ulibadilika. Alikitoa cheti, akakitazama kitambo, akamtazama Clete. Kisha akakikunja vizuri na kukirudisha mkobani.

“Pole sana,” alisema, na alimaanisha kweli. Pole haina gharama. Akaondoka na ukoo wake.

Clete angeondoka pia, ingekuwa heri. Lakini kiti cha pili kilivutwa, akaketi Odalys Peñate, muuzaji hodari kuliko wote pale. Skip alikuwa amemwambia wazi kwamba asubuhi ile haiwezi kuisha bila mauzo hata moja, na chumbani alibaki mtu mmoja tu wa kutia saini: Clete.

“Kuna safari nyingine,” alisema Odalys. “Kama ileile. Ni zawadi ya mnunuzi wa leo.”

“Odalys, tafadhali. Mimi ni wa humu.”

“Una mtoto, Clete?”

“Usianze.”

“Mara ya mwisho kumwona akicheka mpaka akashika tumbo ilikuwa lini?”

Clete alifumba macho. “Swali hilo nililitunga mimi. Nilipokuwa muuzaji, kwenye meza hiihii.”

“Najua. Ndiyo maana ni zuri. Jibu.”

Alijua kila kinachofuata. Muuzaji hafungui tena mdomo. Boksi la tishu linasogezwa kidogo, kwa kidole kimoja. Kalamu inalala upande wa mkono wa kulia wa mteja. Alimwona Odalys akilisogeza boksi na akajiambia: huyu ananisogezea boksi. Hata hivyo akaanza kukumbuka. Ilikuwa ufukweni, Delaney akiwa mdogo, ndege wa baharini alipomnyang'anya baba yake mkate mdomoni. Tangu hapo? Alitafuta, akatafuta, hakuona kingine.

Akalia. Mtu mzima, mjanja wa barabara nzima, alilia mbele ya pankeki baridi, kisha akachukua kalamu iliyokuwa upande wake wa kulia. Wiki aliyopata ilikuwa ya Septemba, vimbunga vinapopita kwa zamu, wiki ambayo yeye mwenyewe aliwahi kumwuzia daktari wa meno kwa jina la msimu wa upepo mwanana.

Alipiga simu palepale, kabla machozi hayajakauka.

“Delaney, Jumamosi ni bustani. Halafu tunapanda meli. Tiketi ninazo mkononi.”

“Umeiba, baba?”

“Nimenunua.”

“Kwa nani?”

Hapo alitaka kutunga kitu, akakosa. Akamwambia yote jinsi yalivyokuwa: fulana za manjano, mama wa Iowa, mkono uliojifanya unakuna shingo, boksi la tishu, swali alilolitunga mwenyewe.

“Ngoja,” alisema Delaney. “Umenunua kile kitu unachosema wajinga ndio wanaokinunua?”

“Ndiyo, mwanangu. Na nitakilipia kwa miaka ishirini.”

Mtoto alicheka. Alicheka mpaka simu ikamponyoka, na Clete akamsikia kwa mbali akimwita mama yake aje kusikia, akijaribu kusimulia na kushindwa kwa sababu ya kicheko. Clete alikaa hivyohivyo, simu imebanwa sikioni, hataki kukosa hata kidogo. Skip akaja na karatasi nyingine, ya ada za matengenezo za kila mwaka, akaionyesha kwa kidole mahali pa saini.

Clete alisaini na hiyo, bila kuisoma.