Ombi la Kisiwa cha Sumari Kupewa Kiti Mkutanoni

Kisiwa cha Sumari,
Kati ya Mto Themi na Mfereji,
Mteremko wa Meru, Arusha.
Jumatano, 21 Januari 1998

Katibu wa Maandalizi,
Mkutano wa Nchi Ndogo za Visiwa kuhusu Kujikinga na Maafa,
Arusha Mjini.

Ndugu Katibu,

YAH: KUSAHAULIWA KWA NCHI YANGU

Pokea salamu zangu za heshima, nikitumaini mvua hii haijakuharibia viatu. Mimi ni Mikaeli Sumari, karani mstaafu wa chama cha msingi cha kahawa, mkulima, na tangu mwezi wa Desemba ni kiongozi wa kisiwa. Nimesikia redioni kwamba mwezi ujao mtakutana hapa mjini kuzungumzia visiwa vidogo vinavyoliwa na maji, na kwamba wajumbe wanatoka kila bahari. Nimesubiri kadi ya mwaliko wiki tatu. Mpaka leo hola.

Hivi kweli, Ndugu Katibu, mtu anamwita mgeni kwa ndege kutoka mwisho wa dunia halafu anamruka aliye maili nne kutoka ukumbini? Nimepanga malalamiko yangu kwa namba, kama tulivyozoea ofisini.

1. Nimezungukwa na maji pande zote. Mashariki upo Mto Themi. Magharibi upo mfereji niliouchimba kwa mkono wangu wakati wa ukame, futi mbili tu kwa upana, ili ninyweshe nyanya. Mvua hizi za El-Nino zimeupanua bila idhini yangu. Sasa ni korongo la hatua kumi na nne, unaachana na mto kule juu na kukutana nao tena kule chini, na mimi nipo katikati. Kama hiki si kisiwa, waliotufundisha jiografia waturudishie viboko vyetu.

2. Ardhi yangu inapungua. Safu tatu za nyanya, migomba kumi na mmoja na choo vimeshuka mjini bila kuaga. Wapo wanaosema haya yasingetokea kama nisingekata miti iliyoshika ukingo. Niliikata, sikatai. Bei ya kahawa ilipoanguka na wanunuzi binafsi wakaja na mizani yao ya ajabu, tuliambiwa kila mtu ajitafutie, nami nikajitafutia mpaka ukingoni. Nasikia nchi za visiwa zinalalamika kwamba wanaotoa moshi ni wakubwa na wanaozama ni wadogo. Kwangu mkosaji na mwathirika wanakula sahani moja, jambo litakalowapunguzia wajumbe wako mabishano mengi sana.

3. Siku hizi kila kitu ruksa. Kuna mabasi ya binafsi, shule za binafsi, hata benki za binafsi. Nimetafuta sheria inayokataza nchi ya binafsi, sikuiona. Bendera tayari ninayo, ni kitenge cha mke wangu alichokisahau kwenye kamba. Raia ni mimi, ng'ombe mmoja, mbuzi mmoja na kuku ambao idadi yao inabadilika.

4. Naingiliwa na nchi jirani. Hapa naomba usome polepole. Ng'ambo ya korongo anakaa mwenyekiti wetu wa kitongoji, Bwana Loishiye, kijana wa juzi tu. Kila Jumamosi anaita msaragambo: watu wote watoke na majembe, wajaze mchanga kwenye viroba, wazibe mdomo wa mfereji wangu, kisha wapande miti upya, tena juu ya nyanya zangu! Asiyefika anatozwa mbuzi. Nimekosa Jumamosi nne. Nilimwandikia kwa lugha ya kistaarabu kwamba nchi ya kigeni haiitwi msaragambo, na kwamba mbuzi anayemtaka ni theluthi ya raia wangu ukiacha kuku. Alisimama ukingoni, akaniamkia shikamoo vizuri tu, halafu akanieleza mbele ya watu kwamba mfereji usipozibwa maji yatafika chumbani kwangu, na nyumba zote za bonde la chini zitafuata. Hivyo ni vitisho dhidi ya nchi huru.

Haikutosha. Wamemweka Athumani, mwenye mashine ya kusaga kule juu, apulize filimbi ya refa kila maji yanapopanda. Anapuliza kwa bidii, na anaanza hasa ninapojinyoosha baada ya chakula cha mchana. Naomba mkutano upitishe azimio kuhusu filimbi hiyo.

5. Raia wanahama. Hili ndilo linaloniuma, na hayo mengine yote ni maneno tu. Jumamosi ya tarehe 10 mke wangu Eunike, ambaye nimeishi naye miaka thelathini na minne, alikunja kanga, akachukua jembe, akavukia pale maji yalipokuwa ya magoti, akaenda msaragambo wa maadui. Hakurudi. Yuko ng'ambo kwa dada yake Nanyori, na moshi wa jiko lao nauona kutoka mlangoni kwangu. Nilimwita arudi nyumbani, akanijibu kwa sauti ambayo kitongoji kizima kilisikia: "Mimi niliolewa na mtu mwenye majirani. Ukiwapata tena, niite."

Tangu siku hiyo nakula ndizi za kuchemsha bila chumvi. Ng'ombe nikimkamua ananipiga teke. Nyumba imekuwa kubwa mno, Ndugu Katibu, nakwambia kweli, na redio peke yake haiijazi. Naomba mkutano umtambue Eunike kuwa mkimbizi wa maafa na kuamuru arejeshwe kwa heshima zote, ikibidi kwa boti.

Zaidi ya hapo mahitaji yangu ni madogo: kiti kimoja karibu na mlango, kibao chenye jina la nchi yangu, na nafasi ya kuhutubia kwa saa moja na nusu.

Nisalimie wajumbe wote, wakalimani, wapishi na walinzi wa getini. Ukikutana na Bwana Loishiye mjini mwambie sina kinyongo naye, ila mbuzi simtoi.

Wako katika ujenzi wa mataifa madogo,

Mikaeli Sumari
Rais, Waziri wa Mambo ya Nje, na Mkamuaji.

N.B. Ijumaa, 23 Januari. Barua hii ilikuwa imefungwa, ikisubiri mtu wa kuvuka nayo. Leo saa nane mchana maji yameshuka kutoka mlimani kwa mkupuo mmoja, yamechukua jiko na ukuta wa chumbani. Mimi nilipanda juu ya meza na bahasha yako mfukoni. Loishiye, Athumani na watu kama ishirini, karibu wote niliowashitaki hapo juu, waliingia majini wakashikana mikono kutoka ukingo wa pili hadi mlangoni kwangu, maji yakiwafika kifuani. Wamenitoa mimi, ng'ombe na mbuzi. Kuku sijui. Mkono wa kwanza kunifikia ulikuwa wa Eunike, na tulipofika ng'ambo aliniuliza kama nimekula.

Naandika haya nikiwa kwa shemeji Nanyori, ndani ya koti la watu. Mbuzi nimemtoa mwenyewe. Kesho nitakuwa msaragambo, na nyanya nitazing'oa kwa mkono wangu. Kwa hiyo, Ndugu Katibu, futa ombi langu. Kiti changu mpe mjumbe wa kisiwa cha kweli, na umsikilize mpaka amalize, hata akizidisha saa moja na nusu. Yeye kwao hakuna ng'ambo ambako watu wanaweza kushikana mikono wakamfuata.