Geti la Vyuma vya Babu

Jumatatu, 1 Desemba 2025

Shangazi Joviana kapiga simu. Ukoo unakutana Jumamosi, hapahapa Buganguzi, kuamua nani abaki na nyumba ya marehemu babu Byarugaba pamoja na kibanja chake cha migomba. Mimi nimeishi humu tangu babu afariki. Nimekula ndizi zake zote. Wanataka sifa gani nyingine? Lakini binamu yangu Mwesiga naye anaitaka, na akipewa yeye, mimi nje na godoro langu. Mwesiga! Wiki nzima anapalilia migomba bila kuambiwa. Unafiki mtupu.

Nimewaza hadi kichwa kikauma. Jibu ni geti. Wazee wakiona geti la chuma wanajua hapa kuna mwenyewe. Geti lenye simba! Mwesiga na jembe lake watajificha wapi?

Jumanne, 2 Desemba

Asubuhi nilikwenda Bukoba, mtaa wa Bilele, kwa fundi Burhani. Ndiye anayechomelea mageti ya watu wenye heshima. Nikamwachia picha ya simba: mdomo wazi, taji kichwani. Kasema simba anawezekana, ila chuma kimepanda bei. Kama nina vyuma vya zamani nilete.

Nimerudi nimezunguka shamba zima. Kumbe ninavyo! Kaburi la babu, kule ndani migombani, limezungushiwa uzio wa chuma kizito ambacho siku hizi hakipatikani. Majani yameshaufunika, hakuna anayeuona. Na babu haendi popote. Uzio wa nini?

Nimeung'oa jua likiwaka. Umetoka kirahisi mno, kama vile kuna mtu upande wa pili alikuwa anausukuma. Nimeamua ni udongo laini.

Jumatano, 3 Desemba

Vyuma vimefika Bilele kwa kigari cha kirikuu. Burhani akauliza vilikuwa vya nini. Nikasema dirisha la ghala la kahawa. Akawasha grenda, akakata. Hakuna cheche hata moja! Akachomelea, akavua glovu, akagusa palepale alipotoka kuchomelea. Akaniambia nami niguse. Baridi. Ilinipanda hadi begani. Akaniuliza kwa upole, bwana Clavery, katika ghala hilo alikuwa analala nani? Nikasema kahawa. Hakucheka.

Mkewe Shamsa alileta chai. Alipofika penye geti akavua kandambili, akaninong'oneza pole kwa msiba. Msiba gani? Watu wa mjini wana mambo.

Simba katoka vibaya. Shavu moja limevimba, kama mtu anayetafuna kahawa. Babu alikuwa na shavu hilohilo, hakukosa punje ya kahawa mdomoni. Burhani anaapa amefuata picha.

Alhamisi, 4 Desemba

Geti limesimama. Zuri ajabu! Burhani kafunga bawaba ili lifunguke kwa nje. Linafunguka kwa ndani. Kageuza bawaba. Bado kwa ndani. Akakusanya vifaa vyake, akakataa hata chai, akasema nikivirudisha vyuma vilikotoka atakuja kunisaidia kuvisimika. Wivu wa fundi huo.

Jirani yangu Renatha alikuja kurudisha ungo. Alipovuka geti akauweka chini, akapiga ishara ya msalaba, akasema kwa sauti ya chini kwamba Clavery alikuwa mcheshi sana. Nikamwambia mbona nipo hapa. Akajibu ndiyo, waitu, mpendwa wetu, pumzika. Alipotoka barabarani akanipungia mkono kama kawaida, akauliza kama nina senene.

Sijapenda hiyo "alikuwa".

Ijumaa, 5 Desemba

Kuku hawavuki geti. Nje watu wanaanika kahawa juani. Ndani kwangu ukungu umekaa tangu asubuhi, hausogei. Watu wa jumuiya ya kanisa wameingia na mkungu wa ndizi na maharage, wakasimama kunizunguka, wakaimba nyimbo za mazishi mwanzo hadi mwisho. Ningefanya nini? Nimeimba nao sauti ya pili. Maharage yalikuwa matamu.

Jioni, saa ile babu aliyokuwa akirudi kutoka shambani, geti limefunguka lenyewe. Taratibu. Hakuna upepo. Kisha nikasikia mtu anatafuna, karibu kabisa na sikio langu. Nimeogopa. Niandike ukweli: nimeogopa hadi nimejifungia ndani. Lakini kesho Mwesiga ataliona geti!

Jumamosi, 6 Desemba

Ukoo umekuja. Mwesiga alivuka wa kwanza. Akavua kofia, akabubujikwa machozi, akaniita ndugu yangu mpendwa. Hajawahi kuniita hivyo tangu tuzaliwe! Wengine wakaingia wakinong'ona. Shangazi Joviana alibaki nje. Akalitazama geti, akapiga magoti barabarani, akamwamkia simba kwa Kihaya, kama anavyoamkiwa mzee: "Kaboneka, waitu." Naapa uvimbe ulihamia shavu la pili.

Akaniita nje. Akauliza uzio wa kaburi la baba yake uko wapi. Nikasema nimeuboresha. Hakugomba, afadhali angegomba. Akasema uzio ule humzunguka aliyelala kaburini, na mimi nimejizungushia mwenyewe, ndiyo maana kila avukaye geti ananilia kama marehemu. Akasema nilibomoe kabla jua halijazama, niurudishe kwa babu, naye atasimama kunitetea nibaki na nyumba. "Clavery, mwanangu, bado nakuona. Libomoe."

Nikamwomba aangalie taji la simba, kazi ya mkono ile. Nilibomoe mbele ya Mwesiga? Hata!

Jua likazama. Shangazi akafuta macho, akavuka geti, na kikao kikaanza. Nilinyoosha mkono mara nyingi, hakuna aliyeniruhusu kusema.

Jumapili, 7 Desemba

Nimeshinda! Mwesiga kapewa nyumba, maskini, kitu ambacho ukoo unaweza kumnyang'anya siku yoyote. Mimi nimekatiwa sehemu yangu mwenyewe, kando ya babu kabisa, na wazee wote wameapa kwamba hapo hakuna wa kunihamisha milele. Na atakayepalilia ni Mwesiga! Nilicheka peke yangu.

Baada ya misa vijana wamekuja kupima kwa kamba. Naona chumba ni chembamba, ila urefu umenitosha sawasawa. Wanachimba msingi. Wanakwenda chini sana. Nadhani wanataka uwe imara.

Kesho Bilele kwa Burhani. Nataka uzio mkubwa kuliko ule wa babu, wenye simba kila pembe. Chuma tu ndicho tatizo. Lakini nilipopita pale leo nimeona msalaba wa kaburi la babu bado umesimama, na ni wa chuma kizito.