Mipango Mitatu ya Jumapili Moja

Jumatatu, tarehe 3
Jumapili mwanangu anatimiza miaka saba. Anaishi na mama yangu, nami nimemwahidi nitakuwepo. Tatizo: hapa ninapofanya kazi za ndani sijapata siku ya mapumziko tangu nianze. Miezi minane. Dada anayefanya kazi nyumba ya pili, ninayemwita Nyoofu, anasema nimwombe tu mama mwenye nyumba. Kuomba! Akili ni nywele, na zangu mimi ni za kusuka.

Jumanne, tarehe 4
Mpango wa kwanza: ugonjwa. Nikajilaza, nikaugulia. Mama mwenye nyumba akanihurumia kweli, akanipa vidonge, akasema leo nisisimame kabisa. Kisha akaniletea kapu la nguo nipige pasi nikiwa nimekaa.

Alhamisi, tarehe 6
Mpango wa pili: niharibu, wanichoke. Nimezidisha chumvi kwenye mchuzi, makusudi. Baba mwenye nyumba akaongeza sahani, akasema leo ndiyo umekolea. Kumbe miezi minane nawapikia chakula cha wagonjwa. Imeniuma kidogo.

Jumamosi, tarehe 8
Mpango wa tatu ndio wenyewe: nimalize kazi za kesho leo. Nimefua, nimedeki, nimesugua masufuria mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Mama mwenye nyumba kaona nyumba inang'aa, kafurahi, kashika simu. Wageni kumi, kesho mchana.
Nikajikaza, nikagusia habari ya mapumziko, kwa mbali. Akanishika bega, akasema mimi si mfanyakazi, mimi ni mtu wa familia. Machozi yakanilenga. Nilipomsimulia Nyoofu akauliza mtu wa familia anapumzika lini. Wivu huo.

Jumapili, tarehe 9
Familia imekula mezani. Mimi nimekula jikoni, nimesimama. Dirishani nikamwona Nyoofu anatoka na mkoba wake. Siku ya kuajiriwa aliwaambia Jumapili hayupo, wakakubali. Kabahatisha tu.

Jumatatu, tarehe 10
Nimepiga simu nyumbani. Mwanangu hakulia, na hilo ndilo lililonichoma. Akasema kipande changu cha keki amekifunikia sahani, hataki mtu akiguse. Akauliza kama niliomba ruhusa. Nikamwambia mambo haya ya watu wazima hawezi kuyaelewa.
Jumapili ijayo naenda, kufa kupona. Nitavunjika mguu. Nimeshaanza kuchechemea leo, ili wazoee.