Nyasi Zilizoanikwa Kama Nguo

Jumapili, 15 Januari 1984
Binamu yangu Mbuvi amerudi Mbooni na mke, Maria, kutoka Slovenia, huko Yugoslavia alikosomea kilimo. Tumeenda kumsalimu. Mlangoni Maria akatuambia tuvue viatu, akatugawia slipa za sufu. Mimi, Mutie, mzee mwenye boma, ndani ya slipa za sufu! Anasema kwao milima ina theluji hata mwezi wa tano, na mkubwa kuliko yote una vichwa vitatu. Watu huupanda kwa kupenda tu, halafu wanashuka. Hawana mbuzi kule juu, hawana jamaa. Upuuzi.

Jumanne, 17 Januari
Maria amesimamisha miti shambani, akajenga kichanja kirefu na kuanika nyasi juu yake kama nguo. Eti kwao kila shamba lina kichanja kama hicho. Mbuvi anamsaidia, mwanamume mzima. Majirani wanamsifu. Nimewaendea wazee wa kanisa, nikawaambia huyu mama anaabudu mlima wenye vichwa vitatu. Wameshtuka. Vizuri sana.

Alhamisi, 19 Januari
Wazee walienda kumhoji. Wamerudi wakisifu supu yake. Mzee Kasyoka anataka slipa kama zile. Kanisa limekwisha.

Alhamisi, 6 Septemba
Mvua ya Machi haikuja. Ng'ombe wangu wa mwisho ameanguka, hainuki bila kusaidiwa. Mke wangu Syokau anataka tumwombe Maria nyasi. Nimemjibu siwezi kuomba chakula cha kwenye kamba ya nguo. Nina mpango.

Jumapili, 9 Septemba
Watu wakiwa kanisani, nikapanda kichanja cha Maria. Miti ikateleza, nikashuka nayo, nyasi zikanifunika mpaka shingoni. Kanisa zima likanikuta hapo. Maria akanifukua, akanipangusa masikio.

"Shemeji," akasema, "ungeomba tu."

Akamfungia Syokau mizigo ya nyasi. Watu wote walicheka isipokuwa Maria. Hilo ndilo limeniudhi zaidi.

Ijumaa, 14 Septemba
Ng'ombe amesimama mwenyewe. Kichanja kile kilijengwa vibaya, ndiyo maana kiliniangusha. Leo naibu wa chifu amepita akiuliza nani aliyeleta maarifa haya ya nyasi, wengine waige. Maria alikuwa mtoni. Nikasema ni mimi, kwamba niliishi Slovenia miaka mitatu. Nitahutubia baraza Jumanne. Kesho nitamtuma Syokau akamuulize Maria, kwa ujanja, Slovenia iko upande gani.