Kiazi Kinachowaka kwa Mavuno

Jumatatu, 5 Oktoba 1998
Kazini, kituo cha utafiti nyuma ya stendi ya basi ya Kawangware 56. Mimi nafagia, wengine wanafikiri. Leo Dakta Waithaka kanionyesha maajabu: miche ya viazi vitamu iliyotiwa jeni ya mnyama wa baharini, mlaini kama uji. Ukiimulika gizani kwa taa yake ya zambarau, inawaka kijani! Akasema mwanga huo ni alama tu, ya kujua mche upi umekubali jeni. Alama tu! Msomi hana macho.

Jumapili ni mavuno kanisani kwetu Gatwekera. Mamake Seline ametangaza kwamba mkwe huonekana kwa sadaka yake. Oluoch, anayemtaka Seline pia, ataleta mkungu wa ndizi, kama kawaida. Mimi naleta kiazi kinachowaka. Seline ni wangu.

Jumatano, 7
Mche mmoja umetoka kazini ndani ya gamubuti yangu. Nilichagua ulionenepa. Mingine ilikuwa myembamba, ya kusikitisha, nami ni mtoto wa mkulima.

Ijumaa, 9
Nimeazima taa pia. Dakta hajui kwamba ameniazima. Sikuijaribu, nisimalize betri. Nikamshauri Oluoch asijisumbue na ndizi. Akacheka, akasema heri ndizi anayoiona. Wivu!

Jumapili, 11
Shati jeupe, nimelifua kwa sabuni ya unga. Zamu yangu ilipofika, nikamwalika Mama Seline chini ya blanketi aone kazi ya Mungu. Nikawasha taa.

Mche: giza. Kola yangu: inawaka buluu!

Mama akachomoka akipiga kelele: "Huyu kijana ako na pepo kwa shingo!" Mchungaji akaniombea kwa nguvu. Ndizi zikapigiwa vigelegele. Seline akahamia benchi la Oluoch. Iliniuma sana.

Jumatatu, 12
Nimefutwa kazi. Dakta kasema niliiba kutoka trei ya miche iliyokataa jeni, ndiyo maana ilinawiri. Eti sabuni ya unga huwaka chini ya taa ile, liwe shati la nani.

Hadithi hizo. Ukweli uko wazi: jeni ilihama, ikaona heri shati. Nimeikata kola vipande, nimevipanda nyuma ya nyumba na kuvimwagilia maji. Nasike wa jirani aliuliza kama niko sawa. Nikaendelea kumwagilia.

Ikichipua, Mama Seline atakuja mwenyewe kuomba mbegu.