Unga Uliokufa Kihesa

Zabron hakuwa fundi, ila kofia ya ufundi aliivaa kwa heshima kuliko mafundi wengi. Asubuhi moja ya Juni, baridi ya Iringa ikimuuma masikio, alipita Kihesa akaona dirishani dari jipya la jipsamu, maungio yake bado wazi, na chini yake mifuko minne ya unga wa kuyazibia. Dada mmoja alikuwa akiukoroga kwenye ndoo kwa huruma, kama anayepikia mgonjwa uji.

Huyo ni mwalimu Paskalina, na hiyo ni nyumba yake ya kwanza. Jumapili padre angekuja kuibariki.

"Kamwene, dada. Pole na kazi. Huo unga uliuziwa wapi?"

"Dukani, kaka. Una shida?"

Zabron alichota kidogo kwenye kikopo, akampa mgongo, akakamulia limau lake la mfukoni. Limau huchelewesha jipsamu kuganda. Huo ndio ufundi wote aliokuwa nao. Nusu saa baadaye kikopo kilikuwa bado uji.

"Umekufa," alisema kwa sauti ya msibani. "Baridi imeuua. Nipe mifuko yote nikakubadilishie Mbeya. Bure kabisa."

Paskalina aliinamisha kichwa. "Basi nisaidie kitu kimoja, kaka. Mfuko mmoja tuzibie huko juu, padre akirusha maji ya baraka asione nyufa. Mitatu utaondoka nayo."

Kupoteza mmoja, kupata mitatu. Zabron alivua koti.

"Ngoja nikupashie maji. Juni hii siwezi kumpa mgeni maji ya baridi."

Nani angekataa ukarimu kama huo? Lakini limau lilikuwa limekwisha, na maji ya uvuguvugu huikimbiza jipsamu kama mbwa anayemfukuza mwizi. Ndoo ya kwanza iliganda hajamaliza hata maungio mawili. Unga uliokufa ukiganda mbele ya mwenye nyumba, anayezikwa ni fundi. Akabandua bonge, akalificha nyuma ya mlango, akafungua mfuko wa pili.

"Kaka, mbona umesimama?"

"Napumua, dada."

"Haya. Maji mengine haya, bado yana moto wake."

Akaficha bonge la pili, la tatu, la nne. Alikoroga akikimbia, akapanda ngazi akikimbia, akapaka akiomba. Kufika alasiri mifuko yote ilikuwa mitupu, na dari limenyooka toka ukuta hadi ukuta.

Paskalina akaligonga kwa mpini wa fagio. Ko, ko.

"Limeshika vizuri," alisema kwa upole. "Mimi juzi ulinigandia ndoo nzima, mpaka jirani akanifundisha kutia limau kidogo. Wewe unatia mengi, kaka. Harufu niliisikia pale pale."

Zabron, mweupe toka nyusi hadi viatu, aliangalia mlango.

"Kaa ule kwanza, ugali uko tayari. Halafu uvuke hapo kwa jirani, mama Rozalia. Ana mifuko sita, na nimeshamwambia yote imekufa. Ameshabandika maji."