Mkulima Namba 23

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Sijamwambia mtu. Si Mama, si padre, si hata rafiki yangu Hasna anayejua kunichokonoa mpaka niseme. Naandika hapa tu. Wale wakulima arobaini niliowahoji Mpui mwezi wa tano, ishirini na tisa hawapo duniani. Niliwatunga jikoni kwa Mjomba Kasimiri, nikiwa nimekalia gunia la ulezi.

Si uvivu. Ni aibu. Tulipomaliza kidato cha sita, Dokta Cleophas, mwalimu wa chuo hapa Sumbawanga, alitupa kazi mimi na Hasna. Kila mmoja ahoji wakulima arobaini kwa nini wanaacha ulezi na kukimbilia mahindi. Hasna akaenda Chala, mimi Mpui. Kumi na moja niliwaweza. Wa kumi na mbili nilimwamkia shikamoo, akaitikia vizuri, nikamuuliza amevuna gunia ngapi. Akaniuliza mimi ni binti wa nani na nani amenituma kumhesabia vyake. Nikaaga. Nilikuwa hata sijakaa.

Fomu za kukubali kuhojiwa zinataka dole gumba lenye wino. Nilitumia vidole vyangu vyote kumi, kisha vya miguu. Vya miguu vinafaa sana kwa wazee. Wiki nzima nilivaa soksi.

Leo Dokta kaniita. Jarida limeipenda makala aliyoiandika kutokana na fomu zetu! Wasomaji wawili wa siri, ambao kazi yao ni kuipekua kabla haijachapwa, wameisifu. Jina langu ni la pili, baada ya lake. Baba alishasema: jina likichapwa, nitasubiri chuo kikuu nyumbani. Lisipochapwa, nakwenda Chala kupima mahindi kwenye ghala la Shangazi Coleta, na kuhusu chuo tutaongea mwakani. Shangazi Coleta huamsha watu saa kumi alfajiri.

Jumatano, 3 Septemba

Hasna kanuna. Jina lake ni la tatu. Anasema alihoji wote arobaini kwa miguu yake. Kweli, lakini fomu zake! Moja ina uji. Nyingine mzee alibadili jibu mara tatu. Dokta alisema za kwangu ni safi. Hasna akauliza inakuwaje wakulima wangu wote wajibu mpaka swali la mwisho, wakati wake mmoja alimwacha katikati akaenda kutafuta nguruwe. Nikamwambia watu wa Mpui ni wastaarabu.

Mchana, balaa. Mhariri wa jarida kaandika. Wana utaratibu mpya: kila mtu ambaye maneno yake yamenukuliwa lazima asomewe tena, aridhie tena. Aliyenukuliwa ni mmoja tu. Mkulima namba 23, mgane wa miaka sabini na moja, aliyesema, "Tangu mke wangu afariki, ulezi sipandi. Yeye ndiye aliyeijua mbegu kwa kuigusa." Msomaji wa pili ameandika kwamba alilia. Hata mimi nililia nilipokuwa nayatunga.

Dokta anataka nimpeleke kwa mzee huyo Jumamosi. Nikasema sawa. Sijui mdomo ulifunguka vipi.

Ijumaa, 5 Septemba

Mpango upo. Nimepanda gari la abiria, Noah, mpaka Mpui. Mjomba Kasimiri atakuwa namba 23. Ana miaka arobaini na minane, lakini jua limemsaidia. Nimemweleza nusu tu. Kakubali haraka, maana hakuna aliyewahi kuja kutoka mjini kumuuliza yeye kitu. Akauliza achechemee? Nikasema hapana. Hadi jioni alikuwa na fimbo na kikohozi.

Tatizo ni mkewe, Mama Dominika, ambaye ni mzima kabisa. Nimeuliza kwa upole ratiba yake ya kesho. Anakwenda Sumbawanga sokoni, kurudi jioni. Mungu yupo.

Jumamosi, 6 Septemba

Dokta kaja na Hasna! Hasna alisema anataka kujifunza kwangu.

Mjomba alikuwa kajifunika blanketi, kajipaka unga kichwani. Dokta akamwamkia shikamoo kwa heshima zote, ingawa nadhani Dokta ndiye mkubwa. Akamsomea maneno yake. Mjomba akalia machozi ya kweli. Ingeishia hapo ningekuwa salama. Lakini alishaonja kusikilizwa. Akaanza kusimulia msiba: mvua ilivyonyesha siku ya mazishi, marehemu alivyokuwa mpole, alivyopika. Dokta anaandika mbio. Hasna ananitazama mimi.

Nilisahau jambo moja ambalo kila mtu huku analijua. Mama Dominika hakufika sokoni. Barabarani aliambiwa kwake kuna wageni wa mjini, na mwanamke wa hapa hawezi kuacha wageni waondoke bila kula akabaki na jina jema. Akageuza njia, akapita mlango wa nyuma, akachinja kuku, akasonga ugali. Muda wote Mjomba alipokuwa anamzika, yeye alikuwa jikoni anakoleza moto. Ukuta wenyewe ni wa matete.

Akaingia na maji ya kunawa. Akapiga goti mbele ya Dokta, akamnawisha, akamnawisha Hasna. Kisha akamgeukia mumewe.

"Nimekufa lini, Kasimiri?"

Mjomba angenyamaza tu. Badala yake alimwambia Dokta kwamba huyu ni mke wa pili.

Mama Dominika ameolewa kanisani miaka ishirini na sita, na ni mwenyekiti wa akina mama parokiani. Akaweka beseni chini polepole.

"Wa kwanza ni nani? Mtaje, nimfahamu."

Tulikula. Huwezi kuondoka bila kula. Kuku alikuwa mtamu. Mjomba hakupewa.

Ndani ya gari, tulipokaribia mjini, Dokta akauliza, "Jenifa, wako wangapi kama huyu?" Nikasema ishirini na tisa. Hasna hakucheka. Nilitamani acheke.

Jumapili, 7 Septemba

Nimemfuata Dokta baada ya misa. Amekonda usiku mmoja. Miaka sita anangoja kupandishwa cheo, na makala hii ndiyo ilikuwa imebaki. Nikamwambia, kwa nia njema kabisa, kwamba mhariri hawezi kuja Mpui kuhakikisha. Akasema anajua. Akasema hata hivyo kuna siku mtu wa kilimo atasoma makala ile, alete Mpui mbegu isiyofaa kwa sababu ya maneno yangu, na wanaotaka mbegu kweli wasiulizwe tena maana tayari "wamesema". Hakupaza sauti. Heri angepaza.

Ameiondoa makala. Kamwandikia mhariri jana ileile. Mimi nimepewa adhabu mbili: niende Mpui na Hasna kuhoji wale ishirini na tisa, safari hii wenye miili, na nimwandikie mhariri barua ya kukiri, kwa maneno yangu mwenyewe.

Baba kasema nifungashe. Chala, tarehe ishirini.

Jumanne, 9 Septemba

Barua haiji. Nimechana karatasi tisa. "Ndugu Mhariri, nina aibu." Basi, hapo tu. Ni kweli yote, lakini ni fupi mno kwa kosa lenye watu ishirini na tisa. Dokta anaitaka kesho.

Alhamisi, 18 Septemba

Siamini! Mhariri kajibu. Barua yangu imemgusa. Anasema katika miaka yake yote hajapata kusoma majuto yaliyoandikwa kwa unyofu namna ile, na anaomba kuichapa yote, ukurasa mzima, ili vijana watafiti wajifunze. Jina langu juu, peke yake! Baba kasoma ujumbe mara mbili, kaninunulia soda, kampigia Shangazi Coleta kwamba siji. Dokta kanishika mkono, macho yamelowa. Hasna kaniambia samahani kwa kuyashuku majuto yangu. Nimemsamehe.

Barua ni ya mtu mwingine. Niliikuta mtandaoni, kwa simu ya Mama, saa tano usiku ile Jumanne. Ya mtafiti wa nchi ya mbali, aliyedanganya hesabu ya samaki kwenye ziwa lao. Yeye alikiri vizuri sana. Nikatafsiri, nikaweka wakulima palipo na samaki. Majuto ni yangu kabisa. Maneno tu ndiyo ya mwenzangu, na nadhani angefurahi yamesaidia tena.

Sehemu moja nilipitiwa. Imebaki kwamba baada ya kuwahesabu niliwarudisha majini. Mhariri kasema hapo ndipo alipoguswa zaidi.

Jarida linatoka Desemba. Wewe unayesoma hapa, kama si mimi, nakuomba sana: usimwambie mtu.